Nishani ya Jemadari Abdul Hafiz

Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu katika siku ya kuwakumbuka waliotangulia



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika ya Mashariki, tangu Bombo hata Jinja, na tangu pwani hata maziwa makuu, hapakosi sanduku la mzee aliyefariki ambalo chini yake, ndani ya kitambaa kilichochakaa, imo nyota ya shaba au kisahani cha madini chenye sura ya mfalme wa Kiingereza. Wajukuu hukitoa, hukitazama, hukirudisha. Wengine hukiuza kwa mpita njia kwa thamani ya kilo mbili za sukari. Wachache hujua kilikotoka, na wachache zaidi hujua kwa nini jirani wa babu yao, aliyepigana bega kwa bega naye, hakurudi na kitu, wala hakurudi mwenyewe.

Makusudio ya maneno haya ni kueleza habari za nishani moja kubwa, aliyopewa Mwislamu mmoja baada ya kufa kwake vitani, kisha kupima kwa mizani ya dini na ya akili ni nini hasa thamani ya nishani, na ni nini deni la walio hai kwa aliyekufa.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba nishani za askari si za namna moja. Ziko zile zipewazo kila aliyetumikia mahali fulani kwa muda fulani, kama ile Nyota ya Burma iliyoanzishwa mwaka 1945, yenye pembe sita, ambayo maelfu ya askari wa Keya waliivaa. Hiyo yasema tu: huyu alikuwako. Na ziko nishani za ushujaa, ambazo hapewi mtu ila kwa tendo lililoonekana na kushuhudiwa. Katika jeshi la Kiingereza ya juu kuliko zote ni ile iitwayo Victoria Cross, iliyowekwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Si dhahabu wala si fedha. Ni kipande cha shaba nyeusi chenye umbo la msalaba, na utepe mwekundu, na juu yake maneno mawili tu ya Kiingereza ambayo maana yake ni "Kwa Ushujaa". Ukiipeleka kwa mfua vyuma akakupimia uzito wa shaba yake, hutapata bei ya kuku.

Askari wa Kihindi, na miongoni mwao Waislamu wengi wa Punjab na wa Mpakani, hawakuruhusiwa kupewa nishani hiyo mpaka mwaka 1911, ingawa walikuwa wakipigana chini ya bendera ile tangu zamani. Kabla ya hapo walikuwa na nishani yao mbali, iliyowekwa mwaka 1837. Mwislamu wa kwanza kuipata Victoria Cross alikuwa askari Khudadad Khan wa kikosi cha 129 cha Baluchi. Tarehe 31 Oktoba 1914, huko Hollebeke katika nchi ya Ubelgiji, wenzake wote waliokuwa kwenye bombom moja waliuawa, naye akiwa amejeruhiwa akaendelea kupiga mpaka akaachwa akidhaniwa kuwa ni maiti. Yeye Mungu alimpa umri, akaishi hata mwaka 1971. Na kikosi chake kile cha 129 ndicho kilicholetwa baadaye Afrika ya Mashariki kupigana na Wadachi, kwa hiyo Wabaluchi wale si wageni katika kumbukumbu za nchi hizi.

Lakini wa kukumbukwa leo ni yule asiyerudi.

Abdul Hafiz alizaliwa katika kijiji cha Kalanaur, wilaya ya Rohtak, katika Punjab ya zamani. Aliingia jeshini katika kikosi cha 9 cha Jat, batalioni ya 3, akapanda daraja hata akawa Jemadari. Hapa msikilizaji wa Kiswahili asije akakosea. Katika lugha ya Kiswahili jemadari ni mkuu wa majeshi, lakini katika jeshi la India la siku zile jemadar alikuwa afisa wa daraja ya chini kabisa miongoni mwa maafisa wa Kihindi, aongozaye platuni moja, mfano wa efendi katika Keya. Neno ni moja, limesafiri katika bahari moja, ila kila bandari limevaa kanzu yake.

Mwezi wa Machi 1944 majeshi ya Kijapani yalivuka mto Chindwin kutoka Burma yakaingia India, yakakusudia kuuteka mji wa Imphal, ulio katika bonde pana lililozungukwa na milima. Mwisho wa mwezi ule barabara itokayo Imphal kwenda Kohima ilikatwa, na maelfu ya askari wakabaki ndani ya bonde, chakula na risasi vikiletwa kwa ndege. Barabara haikufunguliwa tena mpaka tarehe 22 Juni. Katika siku hizo za kuzingirwa, kila kilima kilichozunguka mji ule kilikuwa ni mlango. Akiushika adui mlango mmoja, huona nyumba yote.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1944, katika milima iliyo maili 10 kaskazini ya Imphal, Wajapani waliwashambulia askari 4 waliokuwa zamu juu ya kilima, wakakitwaa. Kutoka kilima kile waliitazama kombania nzima kama mtu atazamavyo ua wa jirani yake. Kulipopambazuka doria ilitumwa, ikarudi na habari kwamba adui waliopo hukisiwa kuwa kama 40, wala haikujulikana kama wamekwisha kuchimba mahandaki usiku ule au la. Mkuu wa kombania akamwamuru Jemadari Abdul Hafiz achukue seksheni mbili za platuni yake akirudishe kilima.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mizinga ilipiga kwanza. Mteremko ulikuwa mtupu, hauna mti wala jiwe la kujibanza, na karibu na kilele ulikuwa wima. Kabla ya kuanza aliwakusanya watu wake akawaambia kwamba hakuna awezaye kuwashinda, na kwamba adui wote waliopo juu watauawa au watakimbia. Yaonekana ni maneno machache, wala hayana ufasaha mkubwa. Lakini neno la kiongozi halipimwi kwa ufasaha, hupimwa kwa mahali atakaposimama mwenyewe baada ya kulisema. Naye alisimama mbele.

Walipokaribia kilele, adui wakawafungulia bombom na kuwatupia makombora ya mkono. Watu wake kadhaa wakaanguka. Hapo hakungoja, aliamuru waingie, akatangulia yeye, huku akipaza sauti kwa takbiri kama Waislamu wapazavyo wakabilipo kifo. Alipofika juu akapigwa risasi ya mguu. Pembeni aliona bombom moja iliyokuwa ikiwamaliza watu wake. Akaiendea na mguu wake ule, akaushika mtutu wake kwa mikono akausukuma juu, na askari mwenzake akamwua mpigaji. Kisha akachukua bunduki ya Bren kwa askari aliyejeruhiwa, akaenda mbele akipiga, mpaka adui ambao bado walikuwa wengi wakakimbia upande wa pili wa kilima. Akawafuata. Kutoka kilima kingine kilicho mbali kidogo bombom nyingine ikamlenga, ikampiga kifuani. Akaanguka na Bren mikononi, naye angali akijaribu kupiga, akawapigia kelele watu wake wajipange upya, na kwamba yeye atawalinda kwa risasi wakati wakijipanga. Baada ya kitambo kidogo akafa.

Ni vema kulifikiri neno lake la mwisho. Mtu aliyejeruhiwa kifuani hakuomba maji, wala hakuomba kubebwa. Aliwaambia watu wake wajipange, naye atawalinda. Kilima kilikwisha kutwaliwa. Lililobaki lilikuwa roho za wenzake, na hizo ndizo alizozishughulikia kwa pumzi iliyobaki.

Tarehe 27 Julai 1944 gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba Jemadari Abdul Hafiz amepewa Victoria Cross. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuipata katika Vita Kuu ya Pili. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa chini ya ardhi, nishani ilipokewa na mjane wake, kutoka mkononi mwa Lord Wavell, aliyeitawala India kwa niaba ya Mfalme. Na kaburi lake liko Imphal, katika makaburi ya askari wa jeshi la India, ambako Waislamu walizikwa kwa taratibu ya dini yao, na Mabaniani na Masingasinga waliochomwa kwa taratibu ya dini zao wameandikwa majina yao juu ya ukumbusho.

Haikuwa peke yake. Tarehe 19 na 20 Januari 1945, huko Kyeyebyin katika bonde la Kaladan, ombasha Sher Shah wa kikosi cha 16 cha Punjab alitambaa peke yake mara mbili mpaka katikati ya adui waliokuwa wakiishambulia platuni yake, akawavunja. Mguu wake ulisagika, naye akawaambia wenzake kwamba jeraha ni dogo. Katika shambulio la tatu akapigwa kichwani akafa. Tarehe 2 Machi 1945, karibu na Meiktila, Fazal Din wa kikosi cha 10 cha Baluch alichomwa upanga wa kifua na afisa wa Kijapani. Upanga ulipochomolewa akaunyakua, akamwua nao mwenyewe, kisha akauinua juu kuwatia moyo watu wake, akaenda kwa miguu yake kutoa ripoti, ndipo alipokufa. Hao wawili nao walipewa nishani ile ile, na nishani zao nazo zilifika nyumbani bila wenyewe.

Sasa yafaa kuuliza: mambo haya ya Punjab na Burma yana uhusiano gani na Waislamu wa Uganda na nchi jirani?

Uhusiano wake ni wa damu. Baada ya Imphal kuokoka, waliofuata kuwasukuma Wajapani kutoka upande ule walikuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Waliingia bonde la Kabaw katikati ya mvua za mwaka 1944, bonde ambalo kwa homa zake watu waliliita Bonde la Mauti, wakafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Katika divisheni hiyo walikuwamo watu wa Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Batalioni ya 4 ya Keya, ambayo ndiyo ya Uganda, na ambayo tangu kuanzishwa kwake ilijaa Wanubi Waislamu, ilikuwako. Waliovuka bahari wengi walikuwa vijana ambao hawajapata kuona bahari. Walisali juu ya matope, walifunga Ramadhani wakiwa na homa, na wengine walizikwa na wenzao bila ya sanda nyingine ila blanketi la jeshi.

Na wako ambao hata huko Burma hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo na askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu 1,297 walikufa. Hao hawakupata nafasi ya kushika mtutu wa bombom kwa mikono. Kifo kiliwakuta wamekaa. Je, ushujaa wa kupanda meli ile, baada ya kuagana na mama katika stesheni ya gari la moshi, si ushujaa? Hakuna nishani ya ushujaa iliyowahi kutolewa kwa mtu aliyezama amekaa.

Tena katika vita vile vyote Keya walipata Victoria Cross moja tu. Alipewa shaushi Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, aliyeuawa Colito katika nchi ya Ethiopia tarehe 19 Mei 1941 alipoparamia vifaru vya adui. Tendo lake lilikuwa kubwa, wala hapana sababu ya kulipunguza. Lakini askari Mwafrika wa Keya hakuna hata mmoja aliyeipata, wala katika vita vya kwanza wala vya pili, ingawa walipata nishani zilizo chini yake. Aliyepanda mlima wa Burma aweza kuuliza: je, katika maelfu wale hakupatikana hata mmoja? Au hakupatikana wa kuandika? Kwa maana nishani haipandi mlima kumtafuta shujaa. Hungoja karatasi, na karatasi hungoja afisa aliyeona, na afisa aliyeona huenda akawa naye amekufa. Basi nishani ni ushahidi wa tendo, lakini kukosekana kwake si ushahidi kwamba tendo halikuwako.

Liko na swali lingine zito zaidi, ambalo vijana huliuliza, na haifai kuwanyamazisha. Husema: watu hawa walikufa kwa ajili ya mfalme wa kigeni aliyewatawala. Nishani yenyewe ina umbo la msalaba. Mwislamu ana fahari gani nayo?

Jibu lake lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kwamba dini imefundisha kuwa amali hulipwa kwa nia, na nia haikai kifuani pa nguo, hukaa ndani ya moyo. Mtume, rehema na amani zimfikie, alitahadharisha ya kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kuhesabiwa Siku ya Kiyama yumo aliyepigana ili watu waseme ni shujaa. Watu wakasema, naye akawa amekwisha kulipwa ujira wake duniani. Hilo ni onyo kwa kila mwenye nishani na kila mwenye kuitamani. Lakini onyo lile lile huwazuia walio hai kuhukumu. Nani aliyeufungua moyo wa Abdul Hafiz akasoma? Aliingia jeshini kwa ajili ya mshahara wa kulisha wazee wake, au kwa desturi ya kabila lake, au kwa kiapo alichokula? Lijulikanalo ni kwamba alipopanda mlima alimtaja Mungu, na alipokuwa akikata roho aliwajali wenzake. Yaliyobaki ni ya Ajuaye yaliyofichikana. Jina la shahidi hulitoa Mungu. Si juu ya serikali kulitoa, wala si juu ya barza kulinyima.

Ya pili ni kwamba tendo si mali ya bendera. Vita vina wakubwa wake wenye makusudi yao, na wakubwa wale watahesabiwa peke yao. Lakini mtu aliye katikati ya mlima, na wenzake wanakufa kulia na kushoto kwa sababu ya bombom moja, hana mbele yake mfalme wala dola. Ana mbele yake watu. Akiushika mtutu wa moto ili wasife, amefanya jambo ambalo kila taifa na kila dini hulijua. Umbo la nishani ni alama ya mtoaji. Tendo ni la mtendaji. Na kama mtu ana shaka kuhusu kuivaa, hilo na awaulize wanazuoni. Lakini kuyakumbuka matendo ya aliyepewa hakuhitaji kuivaa.

Ya tatu ni kwamba historia yenyewe imeonyesha jinsi bendera zipitavyo. Mwaka 1947 India ilikatwa vipande viwili. Waislamu wa Rohtak, wilaya aliyozaliwa Abdul Hafiz, walihama kwa wingi kwenda Pakistan, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Mfalme aliyemtumikia aliondoka. Jeshi aliloapia liligawanywa kama mali ya mirathi. Kaburi lake likabaki Imphal. Kila kilichoandikwa juu ya karatasi za serikali kilibadilika katika miaka mitatu tu baada ya kifo chake, ila jambo moja: kwamba asubuhi ile aliwatangulia watu wake na akawalinda.

Zamani sana kabla ya shaba ya Malkia Victoria, Uislamu ulikuwa na namna yake ya kuwaheshimu waliouawa. Mus'ab bin Umair, aliyekuwa katika ujana wake mtu wa nguo nzuri na manukato katika Makka, alichukua bendera ya Waislamu siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, akauawa. Alipotaka kuzikwa hakupatikana ila nguo moja. Wakimfunika kichwa, miguu hubaki wazi. Wakifunika miguu, kichwa hubaki wazi. Wakaamriwa wamfunike kichwa, na miguu waifunike kwa majani. Basi huyo hakuwa hata na sanda kamili, seuze nishani. Na leo, baada ya karne kumi na nne, watoto wa Kiislamu huitwa kwa jina lake.

Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijra, baada ya kukatwa mikono yake miwili akiwa ameshika bendera, Mtume alikwenda nyumbani kwake, akawaita watoto wake, akawakumbatia huku machozi yakimtoka. Kisha akaamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Katika tendo hilo mna fundisho zima. Heshima ya kwanza ya askari aliyeuawa ni chungu kilichotiwa moto katika nyumba yake; sifa za jina lake huja baada ya watoto kushiba.

Hapo ndipo zilipo lawama, na ni haki kuzisema. Vita vilipokwisha mwaka 1945, bahashishi waliyopewa askari haikuwa sawa kwa Mwafrika na Mzungu wa daraja moja. Wajane wengi wa vijijini hawakujua hata ofisi ya kwendea. Na kuhusu vita vya kwanza, mwaka 2021 halmashauri inayosimamia makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe, baada ya uchunguzi, kwamba askari na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, lakini haimrudishii mtu jina lake. Jina hurudishwa na wale wanaolijua.

Na wanaolijua ni nani? Wazee waliopigana Burma karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya Haki. Watoto wao nao wamekuwa wazee. Yule bibi aliyemwona baba yake akirudi na kofia ya jeshi mwaka 1946 ana miaka zaidi ya themanini. Kila maziko ya mmoja wao ni kitabu kinachofukiwa. Huko India serikali iliandika tendo la Abdul Hafiz, saa yake, kilima chake na jeraha lake, na kwa ajili ya maandishi hayo leo jina lake latajwa katika mji ambao hakupata kuusikia. Tofauti yake na askari wa Bombo au wa Jinja aliyekufa katika bonde la Kabaw huenda haikuwa ya ushujaa hata kidogo. Ilikuwa ya kalamu.

Basi kalamu hiyo haina haja ya kungojwa kutoka London. Kila jumuiya ya Waislamu yaweza kuweka daftari moja msikitini au madrasani, na ndani yake kila nyumba ikaandika: jina la askari na la baba yake, kijiji chake, kikosi chake, mwaka alioondoka, na kama alirudi au hakurudi, na kama ziko barua au picha au nishani, zitajwe, na zibaki kwa wenyewe bila kuuzwa. Walimu wa madrasa wawatume wanafunzi wao kwa bibi zao wakiwa na daftari, kama watumwavyo dukani na chupa ya mafuta. Na daftari hilo lisiwe la fahari za koo. Liwe la dua, ili kila mwaka majina yale yasomwe na waombewe maghufira, mwenye nishani na asiye na nishani, aliyezikwa na aliyezama.

Na palipo na daftari la wafu, liwepo pia daftari la wajane na mayatima waliopo leo, wa vita vyovyote na wa ajali yoyote. Jumuiya ihimidiyo mashujaa wa mwaka 1944 na huku mjane wa jirani hana unga, imelishika fundisho la Mu'ta kwa ulimi, imeliacha kwa mkono.

Shaba ya Abdul Hafiz ilikabidhiwa mwanamke aliyefiwa. Hiyo ndiyo picha ya kubaki nayo: mkono wa mjane na kipande cha madini kisichofika bei ya kuku. Nishani ile ilikuwa na maana kwa sababu moja tu, kwamba palikuwa na watu waliosema mbele ya ulimwengu: tuliona, na hatutasahau. Maneno hayo yaweza kusemwa na Waislamu wa kila mtaa juu ya watu wao, bila shaba na bila utepe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliokufa mbali na nyumba zao, azipanue kaburi zao za nchi kavu na za baharini, awakubalie mema waliyoyanuia na awasamehe waliyoteleza. Awalinde wajane na mayatima, na azijaalie nyoyo za walio hai zisiwe nzito kukumbuka wala mikono yao isiwe mizito kutoa. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.